Meli Zenye Ndevu

Mume wangu ni mpiga rangi wa magari, na nikisema mpiga rangi simaanishi wale wa kupuliza ilimradi king'ae. Mletee gari lililobonyea ubavu mzima, mwachie, kisha rudi utafute palipogongwa. Hupaoni. Atakushika mkono mwenyewe, akupitishe kidole kwenye bodi polepole, halafu akuulize kwa maringo, "Wapi?" Utasema hujui. Hapo ndipo roho yake inaposuuzika. Anacheka peke yake, anaenda kunawa.

Huyo ndiye aliyenioa. Ambacho sikuambiwa wakati ule ni kwamba naolewa pamoja na meli za anga.

Nieleweke vizuri. Sisemi ndege hizi za kubeba abiria. Nasema meli za kubuni, za kusafiri kwenye nyota, zenye mizinga na mabawa na vidirisha usivyoviona mpaka uvikodolee. Ni za plastiki, moja inaenea kiganjani, na kila moja imesimama juu ya kijiti chenye kitako. Mume wangu na mwenzake wanazipanga juu ya kitambaa cheusi, wanarusha dadu, wanapima kwa tepu meli iende umbali gani, wanapigana. Watu wazima! Wenye wajukuu! Meza ya vita ni yangu, ya kulia chakula. Tepu ni yangu pia, maana mimi ni mshonaji, na siyo mara moja wala mbili nimemwacha mteja amesimama mikono juu, anangoja kupimwa kifua, wakati tepu yangu iko angani huko inapima mzinga utafika au hautafika.

Aliyekuwa akipigana naye ni rafiki yake tangu ujana, kinyozi wa mtaa wa nyuma. Kila mtu anamwita Jemadari, hata wateja wake. Boksi la mchezo walilinunua mtumba, wote wawili bado hawajaoa, na nusu ya kitabu cha sheria ilikuwa imeliwa na panya. Sheria zilizoliwa wakajitungia. Iliyowatoa jasho kuliko zote aliitunga Jemadari mwenyewe: ukigusa, umesogeza. Alichoshwa na mume wangu, ambaye alikuwa anazishikashika meli zote mpaka chai inapoa, ndipo aamue. Basi ikawa sheria. Kidole kikitua juu ya meli, meli hiyo ndiyo inayokwenda, hakuna kubadili mawazo. Nimeona wanaume hawa wamekaa wamekunja mikono kifuani, wameitolea meza macho, utadhani wameambiwa ina umeme.

Jemadari naye alikuwa na mambo yake kazini. Akimaliza kukunyoa hakuangalii usoni. Anageuza uso kule barabarani, anakupitishia kidole gumba chini ya taya, kutoka sikio hadi sikio, na kama kuna unywele umebaki anaupata. "Mimi macho siyaamini," alikuwa akisema. "Naamini gumba." Mume wangu alimpendea hapo. Kwa wote wawili kazi nzuri ilikuwa ile ambayo kidole kinapita hakikwami.

Sasa meli hizo zilipotoka kwenye boksi, za Jemadari zilikuwa nyekundu, nyekundu ya nyanya, na zetu buluu. Nasema zetu, basi tena, na mimi nimeshaingia. Mume wangu zilimkera. "Chombo kimepigana vita miaka yote hiyo," akasema, "kitakuwaje chekundu hivi? Masizi yako wapi? Mikwaruzo iko wapi?" Akaanza kuzipaka upya za kwake, moja moja, kila akirudi gereji. Anailoweka meli mpaka rangi ya zamani inalegea, anaisugua kwa mswaki, na nashukuru siku hizi ananunua wa kwake. Anapaka praima, ile rangi ya kutangulia. Kisha rangi yenyewe, tabaka jembamba, anangoja likauke, jingine jembamba. Kisha anatiririsha maji meusi ya rangi kwenye vifereji, anapangusa juu, weusi unabaki kwenye mishono. Mwishoni anagusia masizi nyuma ya injini kwa brashi iliyokaukiwa. Akimaliza ananiita. "Pitisha kidole, Mama Mapacha. Rangi inaanzia wapi?" Nami nasema sijui, ili nirudi kwenye cherehani yangu. Lakini kusema kweli ya Mungu, zilikuwa nzuri. Unaitazama unaona kabisa ina safari ndefu nyuma yake.

Halafu Jemadari akafunga duka. Alisema miguu imechoka kusimama. Mume wangu akaamua kumpa zawadi ya kustaafu, naye alijifungia na meli za rafiki yake akazipaka zote kwa namna ileile: kijivu, masizi, mikwaruzo, laini tupu. Kuzitenga na zetu alichora mstari mmoja ubavuni, mwembamba kama uzi, mwekundu kwa za Jemadari na wa buluu kwa zetu. Alizuia pumzi kwa kila mstari. Sijamwona akijitahidi hivyo hata kwa gari la bosi.

Jemadari alizipokea Jumapili. Akaichukua ile kubwa kuliko zote, ambayo waliibatiza Mama Mkubwa, akaisogeza mpaka karibu ya pua, akaigeuza huku na huku. "Umefanya kazi, Fundi," akasema. "Umefanya kazi kweli." Basi. Hakutaja masizi, hakutaja vidirisha, hakutaja hata ule mstari. Mume wangu alivimba kwa furaha, hakutambua. Mimi nilitambua, nikajisemea moyoni, huyu ana kijicho.

Tangu hapo mchezo ukaharibika. Jemadari, ambaye alikuwa hashikiki, akaanza kufanya mambo ya ajabu. Aliipiga meli yake mwenyewe. Aliacha upenyo ambao hata mimi niliuona nikiwa jikoni. Anakaa anafikiri mpaka unasikia saa ya ukutani, kisha anasogeza kitu ambacho hakina maana. Mume wangu anamtania, "Vipi, Jemadari, umestaafu na akili?" Naye anacheka, lakini mdomo tu.

Kisha ikaja ile Jumapili. Meli kubwa ya mume wangu inaitwa Mkwe, kwa sababu hakuna anayethubutu kugombana nayo. Zamu ni ya Jemadari. Akafikiri, akanyoosha mkono, akamkamata Mkwe. Mkwe wetu! Akampima kwa tepu na kumpeleka katikati ya adui zake, mahali pa kufia.

"Ala! Jemadari, hiyo ni Mkwe," mume wangu akasema, akicheka.

"Aa. Nilikuwa nakujaribu," Jemadari akasema, akairudisha. Akanyoosha mkono tena, polepole, na kidole kikatua juu ya meli nyingine ya mume wangu.

Hapo mume wangu hakucheka. "Unacheza na meli zangu?"

"Nani kasema ni zako?"

"Mstari wa buluu huo hapo! Unaniibia mchana kweupe, nikiwa nimekaa mbele yako?"

Nilikuwa nimeshika birika. Niliona uso wa Jemadari ukibadilika, kama mtu aliyefika njia panda akachagua. "Ndiyo," akasema. "Nakuibia. Kwani vita si hila?"

"Toka kwangu, mwizi wewe."

Na mtu yule, ambaye alikula kwenye meza ile tangu mapacha wangu wanatambaa, alisimama, akagonga kiti, akagonga mlango, akatoka. Kofia aliiacha.

Mniruhusu niseme jambo kuhusu mume wangu. Wenzake wa gereji anao, majirani wa kusalimiana anao, lakini mtu wa kukaa naye akanyamaza kwa raha ni yule mmoja. Hana akiba. Kama Jemadari hangerudi kwenye meza ile, hakuna ambaye angekalia kile kiti. Alijua, nami nilijua. Jumapili iliyofuata alipanga meli za pande zote mbili, akakaa, akazitazama, akazirudisha kwenye boksi. Akaniuliza kama nina kitu cha kurekebishwa nyumbani. Nikamwambia kuna bawaba ya kabati. Akaitengeneza bawaba ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Mimi sina moyo wa kuvumilia upuuzi wa wanaume wawili. Nikaichukua kofia, nikaenda. Nilikusudia kumpasulia Jemadari ukweli wake, na maneno nilikuwa nimeshayapanga njiani, makali yote.

Nilimkuta dukani kwake, japo kazi alishaacha. Mlango wazi, jua la saa sita limejaa mpaka ukutani kwenye vioo, naye amekaa kwenye kiti cha wateja, redio inaongea peke yake. Nimevaa gauni la njano, la njano ile ya kukuumiza macho, nimelishona mwenyewe. Nikasimama mbele yake.

"Tumefunga, kijana," akaniambia.

Nikafikiri ni dharau. "Kijana? Mimi kijana?"

Akashtuka. "Shemeji! Karibu. Taa ya humu mbaya."

Nikamnyooshea kofia. Mkono wake ukaja kuipokea, ukapita pembeni, ukashika hewa. Ukatafuta kidogo. Maneno yangu makali yote yakayeyuka, nikamwekea kofia mkononi.

Ni presha ya macho. Hospitali walimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kiko njiani kupotea. Anaona vivuli, anaona kitu kikiwa na rangi kali na kikiwa karibu. Hakufunga duka kwa sababu ya miguu. Alimkata mteja sikio, kidogo tu, na mteja wala hakukasirika, alicheka. Jemadari alifunga siku ileile.

"Zilipokuwa nyekundu nilikuwa najikongoja," akasema. "Alipozipaka, shemeji, zote zikawa moshi. Nikawa nabahatisha."

"Sasa kwa nini hukusema? Umekubali kuitwa mwizi mbele ya birika langu la chai!"

"Nikisema ataniachia nishinde." Alikuwa anaigeuza kofia mikononi. "Unamjua. Atanihurumia, atasogeza za kwangu na za kwake, atasema umenipiga Jemadari, kumbe kanipa. Mwizi bado anapigwa vita. Mimi nataka kupigwa vita, shemeji. Usimwambie."

Nilimpenda mzee yule kuliko siku zote nilizomjua. Lakini nikamwambia ukweli. "Shemeji, mimi nakuheshimu sana. Siri hiyo kamwombe mtu mwingine aitunze. Mdomo wangu huu haujawahi kupata breki, na mume wangu amejaribu miaka yote akashindwa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikaondoka mbio, maana machozi yalikuwa yananijia na sipendi kulia mtaani.

Nilimwambia mume wangu kabla hata sijavua viatu. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Akaenda kwenye boksi, akazimwaga meli zote mezani, zake na za Jemadari, zikachanganyika. Kisha akavua miwani yake ya kusomea.

"Mama Mapacha, njoo. Ipi ya Jemadari?"

Mimi natunga uzi kwenye sindano bila kukunja uso, lakini ilibidi niiname.

"Nimemfichia meli zake mwenyewe," akasema. "Alikuwa anaziona. Nimezifuta kwa mkono wangu, kisha nikamwita mwizi." Na mume wangu, ambaye hata siku ya mazishi ya baba yake alijikaza, alikaa akalia, chakula kikapoa.

Nikamwambia, basi zirudishe nyekundu. Akatikisa kichwa. Nyekundu nayo itamsaidia mpaka lini? Akaichukua Mama Mkubwa, akafumba macho, akaipapasa. Laini. Kidole kinapita hakikwami popote. Akaichukua ya kwetu, akaipapasa. Laini vilevile. Hapo nikaona anakaa wima.

Kesho yake alirudi na puti. Puti ni ule udongo wa gereji wa kufukia mahali gari lilipobonyea, na maisha yake yote ameitumia kufuta mashimo yasijulikane. Sasa alitaka kuitumia kuotesha matuta kwenye meli ambazo alizilainisha kwa roho yake. Akaanza. Aliweka tuta mgongoni mwa Mama Mkubwa, likakauka, akalitazama. Nilipogeuka nilisikia msasa. Amelisugua limekwisha!

"Unafanya nini?"

"Sijui," akasema, kwa mshangao kabisa. "Mkono umekwenda wenyewe."

Na hakuwa anatania. Akiona kimeinuka, mkono unakilaza. Akipaka rangi nzito, brashi inaisambaza mpaka inakuwa nyembamba. Aliweka tuta akalifuta, akaweka akalifuta, anajitukana. Mwishowe nilikusanya misasa yote, ya nyumbani na ya mkobani, nikaificha chini ya vitambaa vyangu vya kushonea, nikaikalia. "Leo utafanya kazi mbovu," nikamwambia, "na utaimaliza."

Akaimaliza. Alizinyunyizia za Jemadari rangi nzito na chenga za mchanga, zikawa zinaparuza kila mahali. Juu yake akaweka matuta: makubwa kwa meli kubwa, madogo kwa ndogo, na moja nene upande wa mbele ili mtu ajue inaelekea wapi. Masizi yalifukiwa. Vidirisha vilifukiwa. Ule mstari mwekundu, kwaheri. Za kwetu aliziacha laini kama zilivyo. Kunijaribu alinifunga kitambaa cha meza machoni, akawa ananipa moja moja, na nilipokosea alizipeleka tena kwenye puti bila kulalamika. Siku nilipozitaja zote bila kukosea, alinifungua kitambaa, tukazitazama pamoja. Zilikuwa zinatisha kwa ubaya.

"Mtu wa gereji akiziona hizi," akasema, "nimekwisha."

Mimi nami sikukaa bure. Niliichukua tepu yangu, ile ninayoipenda, nikaitia vifundo vya uzi mnene kwenye kila alama, ili kidole kihesabu. Haifai tena kupimia gauni la mtu. Nilinunua nyingine.

Tukaenda dukani kwa Jemadari, mchana, meli mbili tu mfukoni mwa mume wangu. Jemadari alikuwa kwenye kiti kilekile.

"Nani?" akauliza.

"Mwenye Mkwe," mume wangu akajibu.

Jemadari akakaza mgongo. "Shemeji amesema."

"Sasa ulitegemea nini? Umepeleka siri kwa yule?"

"Mimi nipo hapahapa, jamani," nikasema.

"Kama umekuja kunihurumia, Fundi, mlango ni huo."

"Nimekuja kukupiga vita. Toa mkono."

Jemadari hakuutoa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imekunjwa. "Ukigusa, umesogeza."

"Sheria hiyo imekufa."

"Niliitunga mimi."

"Na panya wamekula nyingine zaidi ya hiyo. Toa mkono, bwana!"

Akautoa. Mume wangu akamwekea Mama Mkubwa kiganjani. Gumba likapita juu yake mara moja, likasimama ghafla. Likarudi.

"Fundi," akasema polepole, "umeipaka wewe hii?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Ni mbaya."

"Ni mbaya sana," mume wangu akasema.

Jemadari akageuza uso kule barabarani, kama alivyokuwa akifanya zamani na mteja kitini. Akapitisha gumba kutoka upande mmoja wa meli hadi mwingine, sikio hadi sikio, hana haraka. "Huyu hajanyolewa," akasema. "Huyu ana ndevu. Na ana matuta makubwa mgongoni, kwa hiyo huyu ni Mama Mkubwa." Akaifumba kiganjani. "Huyu ni wangu."

Mume wangu akamwekea ya pili kwenye kiganja kingine. Gumba likapita, likateleza, halikukuta kitu. Akalipitisha tena, uso bado uko barabarani.

"Huyu amenyolewa vizuri," akasema. "Huyu ni Mkwe." Akaunyoosha mkono kumrudishia. "Chukua, Fundi. Huyu ni wako."

"Najua hukuniibia."

"Nyamaza, nisije nikaanza." Akapapasa, akaipata kofia yake, akaivaa. "Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Jumapili mbali," Jemadari akasema, akainuka. "Twende sasa hivi."

Wakatoka. Mume wangu hakumshika mkono, alitembea karibu naye tu, mabega yakigusana, na walikuwa wameshaanza kubishana nani atarusha dadu kwanza. Duka waliliacha wazi na redio inaongea. Nilizima redio, nikalia kidogo pale kwenye kiti cha wateja, nikafunga mlango, nikawafuata. Tepu ilikuwa mkobani mwangu.